Barua kwa Mshenga Wangu

Ngamiani, Tanga

Mwalimu mwenzangu na mshenga wangu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na Mama Watoto na wote waliomo humo ndani. Sisi huku hatujambo, isipokuwa magoti yangu, ambayo siku hizi hutangaza mvua mapema kuliko redio. Najua kwamba tangu msiba wa Korogwe hatujaandikiana, na najua pia kwamba zamu ya kuandika ilikuwa yako, lakini leo sikushika kalamu ili nikudai barua. Nimeishika kwa sababu nimeshtakiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na shahidi pekee ninayejua kwamba yu hai ni wewe.

Habari yenyewe ni kwamba mke wangu anaolewa. Usishtuke, na usianze kumsomea Bi Mkubwa dua. Namzungumzia mjukuu wetu, binti wa kwanza wa mwanetu Baba Mkubwa, yule uliyempakata siku ya arobaini yake akakuharibia kanzu. Unajua kwamba tangu alipoanza kutamka maneno nimemwita mke wangu, naye akamwita bibi yake mke mwenza, na kwa miaka yote hiyo ametekeleza wajibu wake kwa ukali ambao Bi Mkubwa mwenyewe hakuwahi kuufikia. Kila Idi alidai kanga yake kabla ya mtu mwingine kuonyeshwa chochote. Alipokuwa shule ya bweni aliniandikia barua zilizoanza kwa maneno "Mume wangu, matumizi yamekwisha," na mwalimu wa zamu, ambaye alikuwa mgeni kutoka mahali ambapo pengine mababu hawataniwi, aliniita shuleni nijieleze. Sasa amesoma, ameajiriwa, na amepata kijana anayevaa viatu vilivyochongoka mbele. Barua ya posa imekwisha kuletwa, imefungwa katika kitambaa cheupe kama inavyotakiwa, na mimi nikaombwa nikae kimya wakati inasomwa.

Kijana mwenyewe sina neno naye. Anaamkia vizuri na anakula bila kuchagua. Tatizo ni babu yake. Ni Mnyamwezi, mtoto wa manamba aliyeletwa kutoka Tabora kukata mkonge, akazaliwa huku na kuzeekea upande wa Muheza, kwa hiyo ni mtani wetu kwa asili na kwa ujirani. Alifuatana na washenga ingawa hakualikwa, na kabla hajaonyeshwa pa kukaa akatangaza kwamba wazee wake walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe hadi pwani, kwamba ujira wa kazi ile haukulipwa wote, na kwamba amekuja kumchukua bibi harusi iwe fidia, lakini kwa wema wake atatuachia chenji. Nyumba nzima ilicheka, hata Bi Mkubwa. Nami nilikaa pale nikitafuta jibu, na jibu halikuja mpaka wageni walipokuwa wamekwisha kufika stendi. Ungekuwapo wewe angetafuta njia ya jikoni kutokea. Unaona basi kwa nini nakuhitaji, lakini hilo ni dogo, kubwa linakuja.

Baada ya wageni kuondoka tulikaa kuandika majibu ya posa, yaani kuorodhesha mahari, kilemba cha baba, mkaja wa mama, ubeleko wa bibi (kanga ya kumshukuru aliyembeba binti mgongoni) na mengineyo. Nilisema kwa utaratibu kabisa kwamba mtu anayenyang'anywa mke baada ya kumlisha kwa muda wote huo hawezi kuachwa mikono mitupu, na nikaomba kiandikwe kifungu changu: kanzu moja, kofia ya kiua na bakora ya mpingo. Sikuomba zaidi. Baba Mkubwa alikuwa amekwisha kuandika neno "kanzu" wakati Bi Mkubwa, aliyekuwa akichambua mchele kana kwamba hasikii, alipoinua uso na kusema: "Kabla hujadai, lipa."

Umekwisha kujua anachodai. Ni ule ubeleko wa Bweni, kule ng'ambo ya mto Pangani tulikokwenda kumwoa.

Nakuomba uukumbuke mwaka 1974 kwa makini, kwa sababu ni mwaka ambao watu wengi walikumbuka njaa tu. Tulikuwa walimu vijana, mvua zilikuwa zimekataa, unga wa yanga ndio uliokuwa umejaa kwenye masufuria, nasi tukaenda kuoa. Mahari ilitolewa na kuhesabiwa mbele ya mashahidi. Mjomba alipewa kilemba chake. Mama alipewa mkaja. Ulibaki ubeleko wa yule bibi aliyemlea mke wangu, doti moja ya kanga, ambayo nasema na nitaendelea kusema kwamba ilinunuliwa Pangani mjini asubuhi ile ile na ikawekwa ndani ya kikapu ulichokishika wewe. Tukavuka mto kwenda Bweni. Tulipofika ng'ambo kikapu kilikuwapo, wewe ulikuwapo, nami nilikuwapo, ila kanga haikuwapo. Ulisimama ukatoa maelezo marefu sana, yenye hadithi moja ya Mtume na mafumbo mawili, na wazee wakaridhika kwa kuwa walikuwa na njaa na chakula kilikuwa kimekwisha kuiva. Yule bibi alitusamehe mbele ya watu, lakini jikoni hakutusamehe, na kabla ya kufariki dunia alimkabidhi mjukuu wake deni lile kama watu wengine wanavyokabidhi shamba.

Kwa zaidi ya miaka 50 Bi Mkubwa ameshikilia kwamba kanga ile haikununuliwa kabisa, na kwamba fedha zake ziliishia mkahawani kule Pangani, kwa samaki wa kukaanga na chai ya maziwa. Nimemwambia mara nyingi kwamba bwana harusi hana hamu ya samaki siku kama hiyo. Hujibu kwamba mshenga anayo.

Safari hii hakuishia hapo. Aliniuliza mbele ya watoto wote, wengine wamekaa sebuleni na wengine wakisikiliza kwenye simu kutoka Dar es Salaam na Mwanza, kama kanga ilinunuliwa kweli, ilikuwa na jina gani. Wewe unajua kwamba hakuna mwanamke wa pwani anayesahau jina la kanga, na hakuna mwanamume anayelikumbuka. Nilijibu papo hapo kwamba ilikuwa imeandikwa "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Nikajiona nimeshinda. Bi Mkubwa akatulia, akapepeta mchele wake, kisha akasema kwamba ulipokuja kwenye maulidi ya nyumba ya Mzee wa Chumbageni alikuuliza swali hilo hilo mkiwa wawili tu, nawe ukamwambia ilikuwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwalimu, kwa nini hukuniambia kwamba uliulizwa? Na kwa nini katika majina yote ya kanga ukachagua lile?

Kutoka hapo kikao hakikuwa changu tena. Baba Mkubwa, ambaye tangu apewe uenyekiti wa kamati ya harusi anazungumza nami kana kwamba nimepeleka maombi ya mkopo, alitamka kwamba kifungu cha babu kitasimamishwa mpaka suala la Bweni litakapopatiwa ufumbuzi. Nilimgeukia mke wangu, yaani mjukuu, nikitarajia atanitetea kwa kuzingatia kanga zote nilizomnunulia. Akasema yupo pamoja na mke mwenza wake. Nimewalea wake wawili wapatane kwa utani, na sasa wamepatana kwa kweli.

Nikueleze kidogo kuhusu kamati hiyo. Wana kundi la WhatsApp ambamo mimi nimeteuliwa kuwa mlezi, cheo ambacho nimegundua kwamba hakina kazi nyingine zaidi ya kuombewa dua asubuhi. Wanakusanya michango, wanabishana kuhusu ukumbi, na wametoa ratiba ya sendofu ambayo kati ya kukata keki na kutoa zawadi imeandikwa: "Utani wa Babu, dakika 5." Nitaitwa na mshereheshaji, nitapewa kipaza sauti, nitatania, nitarudi kukaa. Nimewaeleza kwamba utani hauwezi kufanywa na mtu mmoja aliyesimama peke yake akitazamwa na watu wanaosubiri chakula, kwamba unataka mtani wa kukujibu, mlango wa kuuzuia na bwana harusi wa kumtoza faini, na kwamba babu wa Kinyamwezi ataninyamazisha kabla dakika ya pili haijaisha. Wakanijibu kwamba wanaweza kuongeza dakika mbili.

Aliyeharibu mambo zaidi ni mke wangu mdogo, yule mjukuu wa darasa la kwanza, aliyerithi nafasi kabla mwenye nafasi hajaondoka. Kwa kuwa macho yangu hayaoni vizuri maandishi ya kwenye simu, yeye ndiye anisomeaye ujumbe, na anausoma kwa sauti ya mwadhini. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono na kumkabidhi barua hii kijana wa Shangazi anayesafiri na basi la alfajiri. Mtoto huyo aliifikisha habari ya ubeleko mpaka Muheza kwa kuzungumza na wifi zake wa baadaye kwa simu yangu, kwa vocha yangu. Juzi babu wa Kinyamwezi akaleta salamu. Amesema amesikia kwamba nimeoa kwa mkopo na amenihurumia, kwa hiyo yuko tayari kuninunulia hiyo doti ya kanga, amkabidhi Bi Mkubwa mbele ya watu siku ya kupeleka mahari, na mimi niwe nimelipiwa. Unaelewa maana yake? Nikikubali, nitakuwa chini ya mtu huyo mpaka nitakapozikwa, na hata siku ya maziko atasimama kaburini aseme kwamba na sanda ni yake. Bi Mkubwa amesema hajali kanga inatoka kwa nani.

Usiku wa siku hiyo mjukuu alikuja barazani akakaa karibu yangu bila kunidai chochote, jambo ambalo si kawaida yake. Akaniuliza, "Mume wangu, nikiondoka utagombana na nani?" Nilikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri, lakini koo lilinikauka kidogo, nadhani ni kwa sababu ya ule udi wanaofukiza. Tuyaache hayo.

Ninachokuomba ni kwamba uje. Mahari itapelekwa mara baada ya maulidi, Mfungo Saba ukiandama, na nataka uwe umefika kabla babu wa Kinyamwezi hajaingia dukani. Najua kwamba tangu mwaka 2024 hamtaki kupanda kitu kingine huko Morogoro isipokuwa treni ya umeme ya kwenda Dar es Salaam, lakini reli hiyo haiji kwetu, kwa hiyo utabidi ujishushe upande basi la kupitia Chalinze na Segera kama watu wengine. Ukifika utakaa kulia kwangu, utamjibu yule mtani habari za pembe zake za ndovu, kisha utatoa ushahidi. Bi Mkubwa amekubali kwamba neno lako litakuwa la mwisho, jambo ambalo linanitia wasiwasi, kwa maana hajawahi kukubali neno la mtu liwe la mwisho ila pale anapolijua kabla halijasemwa. Na kama ndani ya sanduku la Mama Watoto kuna doti ya zamani, ya enzi zile, iliyokunjwa na haikuvaliwa, sikuambii uifanyie nini; nasema tu kwamba basi lina nafasi ya mizigo.

Sasa nijibu, na unijibu kwa barua. Presha yako imeshuka au bado unaificha kwa daktari? Yule mjukuu wako aliyekataa kuoa mpaka amalize nyumba, amefika kwenye lenta au bado anafyatua matofali? Mwenzetu wa Kilosa yu hai, na kama yu hai, anakumbuka chochote kuhusu safari ile ya Pangani, au ni heri tusimkumbushe? Mama Watoto atafuatana nawe? Je, ulikula samaki siku ile, na kama ulikula, ni nani aliyelipa? Ulipomwambia Bi Mkubwa jina la kanga, ulimwambia na rangi yake? Maana mimi nimekwisha kusema mbele ya kikao kwamba ilikuwa nyekundu.

Ni mimi mwalimu mwenzako,
Babu wa Ngamiani