Vijana, acheni kuremba terminali kabla ya kuijua

Mhariri,

Vijana wa hapa Nakuru wanaosomea kazi za kompyuta wameshikwa na homa ya kuremba terminali, lile dirisha la kuiandikia kompyuta amri. Utamkuta mmoja ana laptopu ya mitumba yenye ramu ya GB 4, dirisha lake la amri limejaa aikoni na picha ya machweo inayoonekana nyuma ya maandishi, na kusoma logi, yaani kumbukumbu za yale mashine iliyofanya, bado hajui. Mimi hutunza seva za chama kimoja cha ushirika cha wafugaji, mambo ya kilo za maziwa na malipo ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo hilo dirisha ndilo ninaloshinda nalo mchana kutwa.

Wajue kwanza wanachagua nini. Amri huendeshwa na programu nyingine iliyo ndani ya dirisha hilo, kama bash au zsh. Terminali yenyewe huchora herufi na kupeleka unachobonyeza, ikiigiza mashine za zamani kama VT100, ambayo kampuni ya Digital iliitoa mwaka wa 1978 ikiwa na mistari 24 ya herufi 80. Ukibadilisha terminali, hesabu ya malipo haitaisha mapema hata kidogo.

Juzi kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya nyanjani alileta kitty, terminali ya kasi kweli, inayotumia kadi ya michoro kuchora herufi. Akaingia kwenye seva yetu kuukuu kwa ssh, njia ya kuingia mashine ya mbali, akaita nano, programu ya kuhariri maandishi, ikakataa kufunguka. Akajaribu clear, amri ya kusafisha skrini, nayo ikagoma: seva haiijui terminali iitwayo xterm-kitty. Kila terminali hujitambulisha kwa jina kupitia kigezo cha TERM, na seva isipokuwa na maelezo ya jina hilo, ndiyo haya. Dawa ni kuandika export TERM=xterm-256color, au kuingia kwa kitten ssh, ambayo hubeba maelezo hayo hadi upande wa pili. Kijana alikuwa na mandhari saba za rangi na hakuna aliyewahi kumwambia hili. Wenzake wanaoisifu Alacritty, terminali nyingine ya aina hiyo, nao wajue kwamba haina vichupo, na kwamba inategemea OpenGL, mfumo wa kuchora kwa kadi ya michoro, kitu ambacho baadhi ya mashine za zamani hazikimudu vizuri.

Mimi natumia GNOME Terminal, na sioni haya. Fonti niliyoweka ni DejaVu Sans Mono, kubwa kuliko vijana wanavyopenda, kwa sababu sifuri yake ina alama ndani na huwezi kuichanganya na herufi O. Aliyewahi kulinganisha misimbo ya M-Pesa na orodha ya wakulima atanielewa. Kisha rangi, na hapa sibishani na mtu: programu hii hukuruhusu kuhifadhi wasifu kadhaa, yaani mipangilio tofauti ya mwonekano, basi dirisha la seva ya malipo nimelipa usuli wa damu ya mzee, la majaribio likabaki jeusi. Jioni mtu amechoka, madirisha yote yanafanana, na amri ya kufuta haiulizi mara mbili. Huo wekundu ndio unaonizuia mkono.

Idadi ya mistari iliyopita inayohifadhiwa ili uweze kuirudia pia iangaliwe. GNOME Terminal huweka 10,000 usipoigusa, terminali ya zamani ya xterm 1,024 tu, na kosa unalolitafuta kwenye logi ndefu mara nyingi liko juu kabisa. Kunakili ni Ctrl+Shift+C. Ukibonyeza Ctrl+C peke yake umekatiza kazi iliyokuwa ikiendelea. Na kwa kuwa stima zetu tunazijua, kazi ndefu ifunguliwe ndani ya tmux, programu inayoishikilia kazi hata ukikatika, kule kwenye seva. Ruta ikizimika hapa, kule kazi inaendelea, na ukirudi unaandika tmux attach unaikuta palepale.

Kurasa zenu za teknolojia, Mhariri, zimejaa simu mpya. Tupeni hata safu moja kwa mwezi kuhusu programu za bure zinazokubali mashine kuukuu, maana hizo ndizo wazazi wanawanunulia watoto kwenye maduka ya Kenyatta Avenue, na muuzaji akishapokea pesa hana muda wa kueleza lolote.

Mtunza seva,
Section 58, Nakuru