Kichwa cha habari kilimwachisha wifi yangu dawa

Mhariri,

Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala, na huu ni mwaka wa 15 natumia dawa za kufubaza virusi vya ukimwi. Naandika kwa uchungu.

Mwezi wa tatu tulirushiwa kwenye kundi la WhatsApp picha ya ukurasa wa gazeti moja, kichwa cha habari kikisema tiba ya ukimwi imepatikana Marekani. Wifi yangu hakuniambia neno. Mwezi wa sita nilikwenda kwake kumsaidia kupuliza salfa, nikatumwa makopa ndani. Chini ya makopa nikakuta chupa tatu za dawa. Nikafungua moja: karatasi ya mdomoni haijatobolewa. Akaniambia, "Si wamesema imepatikana, wifi?"

Kijana wangu alinitafutia habari yenyewe, tukaisoma yote. Madaktari wanamtoa mgonjwa damu, wanachambua seli T, wale askari wa mwili ambao virusi huwavamia, kisha maabara wanaikata jeni iitwayo CCR5. Jeni hiyo ndiyo inayotengeneza mlango wa virusi. Wakimaliza, wanamrudishia mwenyewe seli zake. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2014 yalihusu watu 12 tu. Sita kati yao waliachishwa vidonge kwa muda, tena huku wanapimwa, na kwa wengi wao virusi vilirudi.

Seli zilizokatwa jeni zilidumu kuliko za kawaida. Hilo ni jambo kubwa, na naomba Mungu wanangu walione likikamilika. Ila bado ni utafiti. Hata tiba ya saratani ya damu inayotumia seli T zilizobadilishwa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ilianza kwa bei ya dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Sisi vidonge tunapewa bure.

Mhariri, andikeni habari hizi, tunazihitaji. Lakini idadi ya waliojaribiwa na yaliyowapata viwekwe juu kabisa, maana wengi wetu tunasomewa kichwa cha habari tu. Na mstari mmoja usikosekane: usiache dawa.

Wifi amerudi kliniki, nesi alimpokea vizuri bila kumgombeza. Sasa anameza kila saa 3 usiku, mimi nampigia simu. Jumatatu wamemchukua sampuli ya kupima wingi wa virusi. Tunasubiri majibu.

Mama mkulima,
Newala, Mtwara