Barua kwa mdogo wangu anayeingia zoezi la matone

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeupata. Hongera kwa kuchaguliwa timu ya chanjo ya polio, na malalamiko yako nimeyasoma pia: semina ya siku mbili, eti kufundishwa kudondosha matone mawili!

Na mimi nilinung'unika hivyo hivyo Machi 2022, tulipokusanywa Kyela. Mtoto mmoja alikuwa amekutwa na polio Lilongwe, kirusi chenye asili ya Pakistani, na sisi na Malawi tunatenganishwa na mto Songwe tu. Mtoto mmoja, nikawaza, ndiyo tuhangaishwe mikoa yote ya mpakani? Mwezeshaji akatuambia kati ya watu kama 200 wanaoambukizwa, anayepooza ni mmoja. Waliobaki wanacheza, wanakwenda chooni, wanasambaza. Nikanyamaza.

Matone utayajua ndani ya robo saa. Tazama alama ya joto ya kwenye kichupa: mraba wa ndani ukishafanana rangi na duara lake, chanjo imeharibiwa na joto, kichupa hicho weka kando hata kama kina mama wamepanga foleni. Mtoto akitema, mrudie. Wino unapakwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, baada ya matone, si kabla.

Kazi yenyewe ni kuuliza. Ukisema "watoto wote wamepata?" utaitikiwa ndiyo, na chai utakaribishwa. Uliza jana walilala watoto wangapi humu, halafu omba uone vidole.

Mimi hilo nililisikia semina, nikalisahau siku ya tatu. Mvua ilikuwa imetunyeshea tangu asubuhi. Nikamkuta bibi mmoja kibarazani anamenya ndizi, akaniitia wajukuu watatu, vidole vyote vina wino. Nikaandika mlangoni kwa chaki kwamba nyumba imekamilika, nikaondoka zangu. Jioni msimamizi akapita, akasikia kilio huko jikoni: kichanga cha wiki mbili. Bibi akashangaa kuulizwa. "Huyo si bado mgeni?" Nilirudishwa kwa miguu, kisanduku begani, tope hadi magotini, na msimamizi hakunisemesha njia nzima.

Wakikukatalia, usibishane. Waage kwa heshima, urudi na mwenyekiti wa kitongoji. Nami huwa nawasimulia habari za Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kule Merca, Somalia. Aliikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu, na Oktoba 1977 akaugua, akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa maambukizi ya kawaida. Alipona. Baadaye akajitolea kwenye polio, akizunguka kwa wazazi na kuwaeleza kosa lake mwenyewe. Polio iliporudi Somalia 2013 akaingia tena mitaani, na Julai mwaka huo malaria ikamchukua akiwa katika kampeni hiyo. Kuna baba mmoja alinisikiliza hadi hapo, akaingia ndani bila neno, akatoka na mapacha.

Posho itachelewa. Nakwambia mapema usije ukanipigia mimi simu.

Vaa raba, viatu vya wazi achana navyo. Na chaki nunua zako, za semina huwa zinaisha siku ya kwanza.

Kaka yako