Zebaki na samaki wa Ziwa

Mwanza

Mpendwa Rehema,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba nyote hamjambo. Umeniuliza iwapo ni kweli kwamba zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita inaua samaki wa Ziwa Victoria. Neno "inaua" ndilo linalonitatiza, kwa sababu samaki aliyedhuriwa na metali nzito mara nyingi huwa hai kabisa, na anayemnunua mwaloni hawezi kumtofautisha na mwenzake.

Madhara huanzia kwenye matamvua. Shaba au kadimi ikizidi majini, matamvua hujikinga kwa kutoa ute mwingi na utando wake mwembamba huvimba, hivyo samaki huhema kwa shida ingawa maji yanayomzunguka yana hewa ya kutosha. Kadimi ina hila zaidi, kwani hupenya kwa njia ileile inayopitisha kalisi, madini yaliyomo kwenye chokaa. Ndiyo maana maji yenye chokaa kidogo, kama ya Ziwa letu, humpa samaki kinga ndogo. Shaba nayo, hata ikiwa haba, hudhoofisha uwezo wa kunusa. Sisi tukishikwa na mafua tunakosa utamu wa chakula tu, lakini samaki asiyenusa hamtambui adui anayemnyemelea.

Zebaki ina njia yake. Husombwa na mvua kutoka kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kutolewa dhahabu, ikatulia kwenye tope la chini, na huko bakteria wanaoishi pasipo na hewa huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo huingia mwilini kwa urahisi na kutoka kwa shida sana. Dagaa na furu huwa nayo kidogo. Sangara anayewala kwa miaka mingi hulimbikiza ya wote, na inapozidi humwathiri ubongo na uzazi. Tena hung'ang'ania protini za nyama, kwa hiyo kumkaanga au kumbanika hakuiondoi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na bado zebaki inatumika machimboni, jambo ambalo sitaki kulianza leo maana karatasi haitatosha. Samaki usiwaache. Mimi ninawala, ila watoto nawapikia sato na dagaa kuliko minofu ya sangara mkubwa, hata mama mkwe akininunia.

Msalimie shemeji.

Rafiki yako,
Neema