Kabla hujala rom

Mdogo wangu Salma,

Asalaam aleikum. Utalala Malmö na kusoma Copenhagen, kwa hiyo kila siku utavuka daraja la Öresund kutoka Kiswidi kuingia Kidenmark. Anza na neno rom, maana linagusa chakula chako.

Kwa Wadenmark, rom ni pombe kali ya miwa. Kuna kitu madukani kinaitwa romkugle: mabaki ya keki yaliyofinyangwa na kakao na jamu, yakatiwa arki ya rom, yakaviringishwa kwenye nazi kavu. Kwa macho utadhani tende. Arki nyingine imetengenezwa kwa spiriti, nyingine haina. Penye neno ingredienser, yaani viambato, tafuta alkohol au ethanol. Zile za bekari mara nyingi hazina karatasi. Uliza, usipopata jibu la uhakika ziache.

Sweden nako rom ni pombe, lakini kwenye friji la samaki ni mayai ya samaki: laxrom ni ya samoni, torskrom ya samaki aitwaye kod. Wadenmark mayai hayo huyaita rogn. Maarufu kuliko yote ni löjrom ya Kalix, kaskazini kabisa, ambayo jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2010. Ni chembe ndogo za rangi ya chungwa, huuzwa zikiwa zimegandishwa. Ziyeyushe ndani ya friji usiku kucha, kisha zichuje, la sivyo mkate utalowa maji.

Mkahawani ukiona romsås, sosi ya mayai ya samaki, hofu yako isiwe mayai. Sosi yenyewe mara nyingi hupikwa kwa mvinyo mweupe, vitt vin, basi uliza hilo. Nyumbani tumia krimu peke yake: ichemshe mpaka iwe nzito, epua, ndipo utie mayai. Yakichemka yanakakamaa na ladha inapotea.

Rum, kwa u, ni chumba. Tangazo la 2 rum och kök lina jiko na vyumba viwili, sebule ikiwa mojawapo. Usitarajie vya kulala viwili.

Kisha kuna watu: Warom, jamii ndogo yenye lugha yake, Kiromani, na hapa nakuomba uwe makini zaidi. Kwa Kiromani, rom ni mwanamume au mume, romni ni mke, roma ni wengi. Waswidi husema romer, Wadenmark romaer. Ukisoma Kiswidi, romen yenye m moja ni mtu. Rommen ni mayai au pombe. Neno la zamani la kuwaita, zigenare, usilitamke, ni la kudhalilisha. Sweden iliwazuia watu hawa kuingia nchini kuanzia 1914 hadi 1954. Lugha yao ikaja kutambuliwa rasmi mwaka 2000, miongoni mwa lugha tano za jamii ndogo za taifa. Hata tjej, msichana, utakalolisikia kila siku, Waswidi wamelitoa kwa Warom.

Msomee na mama hapo penye arki, atataka kujua unakula nini.

Nisalimie wote.

Dada yako