Vitabu vyako vitoke kwenye makatoni

Migosi, Kisumu
Jumapili jioni

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi tu wazima, na joto letu unalijua. Nimefurahi mno kusikia kwamba mmeshahamia Lanet, huko Nakuru, na kwamba watoto wamepata shule karibu. Lakini mstari wako wa mwisho umeninyima raha: vitabu bado vimefungwa makatonini, na fundi anangoja umwambie kabati moja kubwa litasimama ukuta gani wa sebule. Tafadhali, mwambie angoje kidogo.

Najua tumelelewa hivyo. Sebule ya heshima ilikuwa na kabati la vioo, ndani yake vikombe vya wageni, picha za mahafali, na safu ya vitabu vinene ambavyo hakuna mtoto aliyethubutu kuvigusa. Ufunguo ulikaa kwa mama. Kabati la namna hiyo humwonyesha mgeni kwamba nyumba hii imesoma, ila wenye nyumba huishia kutosoma. Mimi naamini kitabu kiwekwe pale ambapo mtu atakitaka. Ndiyo maana ningekuomba uliache lile kabati moja, uagize rafu tatu au nne za wastani, kila moja na chumba chake.

Sebuleni weka vile unavyopenda kuvizungumzia: riwaya, tamthilia, historia, Biblia ya familia. Hapa ndipo umbane fundi kwa vipimo, kwa sababu vitabu ni vizito kuliko watu wanavyodhani. Mita moja tu ya vitabu vilivyosimama hufika kilo 20 au 30 bila shida, na vile vyetu vya kiada huzidi. Ubao wa inchi moja ukisharandwa hubaki na milimita 20 hivi, kwa hiyo usikubali uachwe zaidi ya futi mbili na nusu bila nguzo ya kuushikilia. Ikiwa ni chipbodi, ule ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa, futi mbili zinatosha, ikipinda hairudi. Kina kiwe sentimita 25, au 30 kwa vitabu vikubwa. Mafundi wengi hukupa kipimo cha kabati la vyombo, na vitabu hupotelea nyuma huko. Mbao za saiprasi au mgrevilea zinafaa kabisa, mradi zimekauka. Mvule ni mzuri mno, lakini bei yake ingekununulia vitabu vingi.

Kuhusu kuipamba, usiijaze rafu hadi pomoni. Vitabu vingi visimame, vile vipana vilale vitatu au vinne, na juu yao uweke kitu unachokipenda. Mimi nina sanamu ya jiwe la Kisii kutoka Tabaka. Ni nzito, hivyo huzuia safu isianguke huku ikipendeza macho. Kwenye rafu ya chini nimeweka vikapu vya gugumaji vinavyosukwa na akina mama wa hapa Kisumu, ndani yake waya, chaja na karatasi zote zinazoharibu sura ya chumba. Hilo la kupanga vitabu kwa rangi za migongo silipendi. Mwalimu ataitafutaje fasihi kati ya vitabu vya bluu? Na chungu cha maua kikae mbali, maji yakidondoka huharibu safu nzima.

Sasa hali ya hewa, maana yako na yangu hazifanani. Huku kwetu unyevu wa ziwa huingia kila mahali, na kabati lililofungwa huota ukungu, kwa hiyo rafu zangu ziko wazi na nimeziacha inchi moja kutoka ukutani hewa ipite. Nakuru adui yako ni vumbi. Januari na Februari upepo ukivuma, utafuta asubuhi na jioni utafuta tena. Ukiweka milango ya vioo sitakulaumu, mradi isiwe na kufuli. Kama pesa hazitoshi, pitisha waya juu ya rafu na utundike leso mbili nzuri ziwe pazia. Chumba kitapata rangi na vitabu vitapumua. Jua nalo ulifikirie. Sisi tulio karibu na ikweta, jua hutuingilia kwa madirisha ya mashariki asubuhi na ya magharibi jioni, na migongo ya vitabu hupauka upesi. Chagua ukuta ambao miale haiugongi. Na mchwa wapo kote, wako na wangu: miguu ya rafu ipakwe dawa kabla ya vanishi, na kabati lisikanyage sakafu kwa ubao mzima.

Chumba cha watoto ndicho ninachokisisitiza zaidi. Rafu iwe fupi, isizidi kifua cha yule mdogo, na vitabu vya hadithi viwekwe jalada likitazama mbele, kwa sababu asiyejua kusoma huchagua kwa picha. Vitabu vya shule viwe na ubao wao kwenye rafu, kila mtoto na wake, muachane na kelele za saa kumi na mbili asubuhi. Hata ikiwa fupi, ifungwe ukutani kwa vipande vya chuma vyenye umbo la L na skrubu. Watoto hupanda rafu kama ngazi, na kabati lililojaa vitabu likimwangukia mtoto litamuumiza vibaya. Fundi atasema ni nzito, haiwezi kuanguka. Usimsikilize.

Korido yenu umesema ni ndefu na tupu. Rafu yenye kina cha sentimita 15 inatosha riwaya za kawaida na watu watapita bila kujigonga. Chumbani mwako weka vichache tu, vile unavyosoma sasa, kando ya kitanda wala si juu ya kichwa. Jikoni, ubao mmoja ulio mbali na mvuke na mafuta unatosha vitabu vya mapishi na lile daftari la mama yako.

Nipimie kuta hizo kwa futi, uandike pia madirisha yako upande gani, kisha unitumie. Nina fundi hapa Kibuye ninayemwamini. Nitamwomba anichoree michoro nikutumie, umpe fundi wako wa huko akaifuate. Likizo ya Agosti ikifika nitakuja tuvipange pamoja, na kile kitabu changu cha sarufi ulichohama nacho tutakipata humo.

Msalimie baba watoto na uwabusu watoto wote.

Rafiki yako wa siku zote,
Mwalimu wa Migosi