Besi yangu wameifuta, na mke wangu alijua

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa usiku, niko barazani na mbu. Watoto wamelala, mama yao kalala au anajifanya kalala. Huu usiku wa tatu sijafumba macho, kwa hiyo nikirukaruka nivumilie.

Kwanza sina ugomvi na shemeji. Naomba hilo lieleweke. Ni mdogo wake mama watoto, amekulia kwangu, ada ya kidato cha tano na cha sita nimelipa mimi, na sisemi hivi kumsimanga. Gitaa lake la kwanza tulichanga wote. Ila kwenye wimbo tuliorekodi na bendi yetu, besi, lile gitaa la sauti nzito ninalopiga mimi, si yangu, Shangazi. Wamenifuta, wakaweka kompyuta.

Bendi yenyewe unaijua, ni sisi wale wa kelele tunaofanyia mazoezi gereji. Kwa Mtwara nzima nadhani tuko peke yetu, ndiyo maana naomba usinitaje jina, ingawa sijui itasaidia nini. Watu wanasema tunapiga mambo ya kishetani. Mpiga dramu wetu anapiga kanisani kila Jumapili asubuhi, na adhana ya Magharibi ikianza wa kwanza kuzima spika ni mimi. Hevi metali ni muziki tu, gitaa limekwaruzwa makusudi na dramu haipumziki. Nairobi wapo wanaopiga, Botswana ndio usiseme, wanavaa mangozi meusi na kofia kama za wachunga ng'ombe wa kwenye sinema. Sisi ngozi hatuwezi, kwa joto la hapa utazimia kabla ya wimbo wa pili.

Basi. Wimbo wetu unahusu kangomba, wale wanaomfuata mkulima msimu haujaanza, watoto hawana daftari, wanamnunulia korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Maneno ni ya shemeji, mazuri, sikatai. Lakini mwanzo wa wimbo ni wangu. Besi inaingia peke yake, mizunguko minne, ndipo gitaa lije. Yale mapigo nimeyatoa kazini. Mimi nabangua korosho, ile mashine ya kukanyaga: unaweka korosho, unakanyaga, ganda linapasuka, unatoa. Mkikaa safu nzima inakuwa ta, tata, ta, tata, na wapo kina mama wawili pale hawakosei hata siku moja. Nimeyabeba hayo kichwani mwezi mzima mpaka yakakaa kwenye uzi wa nne, ule mnene.

Tulirekodi studio moja hapahapa mjini, wamezoea singeli na kaswida. Kijana wa mitambo alituuliza kama waya wetu mbovu, mbona gitaa linakwaruza. Tulicheka sana. Nilipiga mara sita, na ya sita shemeji akaniinulia dole gumba nyuma ya kioo. Dole gumba, Shangazi!

Jumatatu nimerudi zamu, namkuta mama watoto yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, simu kaiweka juu ya ndoo inaimba. Wimbo wetu. Nikafurahi kama mtoto. Nikaichukua nikaiweka sikioni, na pale ubeti wa pili, ambapo mimi huburuta kidole kutoka juu ya shingo ya gitaa hadi chini, uzi unalia kama kamba ya jahazi ikivutwa, hapakuwa na kitu. Noti zote zimekaa sawasawa kama tofali. Hakuna binadamu anayepiga hivyo. Nikauliza besi kapiga nani. Akaendelea kukuna nazi. Nikauliza tena. Akasema, "Muulize mwenyewe."

Ule wimbo ulikuwa kwenye simu yake wiki tatu. Wiki tatu ananipakulia chakula, ananiuliza mazoezi vipi, na anajua.

Ameniambia usiku. Eti mdogo wake alimwambia mimi nachelewa. Nikasema nachelewa kwa sababu ya zamu, kutoka kiwandani mpaka gereji ni mwendo! Akasema siyo kuchelewa huko. Kwenye mapigo. "Kidogo tu," akasema, na hicho kidogo ndicho kimeninyima usingizi.

Nilimpigia shemeji. Hakukana. Akasema aliyeshauri ni yule wa mitambo, kwamba noti ni zangu zilezile, zimeandikwa tu kwenye kompyuta, "wazo ni lako, shemeji," na hata wakubwa hufanya. Wakubwa gani? Yeye ndiye aliyenisimulia habari za Jason Newsted, aliyeingia bendi ya Metallica ya Marekani baada ya mpiga besi wao Cliff Burton kufa kwenye ajali ya basi kule Sweden mwaka 1986. Albamu yao ya 1988 besi waliishusha hivi kwamba mpaka leo watu wanatega sikio hawaipati. Siku hiyo mimi na shemeji tulisema jamaa alionewa. Sasa yule walimshusha sauti tu. Alipiga, imo, iko huko chini. Mimi simo kabisa.

Tena aniambie nachelewa mtu mwenye vidole kama hivi? Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, nani huku kusini hajui. Mwaka juzi glavu ilitoboka, vidole viwili vya kushoto vikavuka ngozi kama nyoka. Nikataka kuacha besi. Ni shemeji huyohuyo aliyekuja kukaa ukingoni mwa kitanda akanisimulia Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, kule Birmingham, Uingereza, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili akiwa na miaka 17. Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea ncha, baadaye akalegeza na nyuzi zisimuumize, na ule uzito wa metali ukatokea hapo. Alisimulia vizuri mpaka machozi yakanitoka. Halafu mtu huyohuyo anaweka kompyuta.

Na kama nachelewa, nyuzi je? Hewa ya bahari inazila, miezi miwili zimeota kutu, unapiga sauti inatoka kama kamba ya kufungia mbuzi. Seti mpya mpaka uagize Dar. Mimi nazivua, nazichemsha dakika kumi, nazifuta, zinarudiwa na uhai wiki mbili tatu. Hilo nalo ni ugomvi humu ndani, kwa sababu siku moja nilitumia sufuria ya wali. Niliiosha! Mara tatu, kwa jivu.

Hapo ndipo mama watoto akaingiza la bati. Ni kweli, gitaa nililinunua kwa hela iliyokuwa ya bati, laki tatu na nusu, mwaka 2015, kwa fundi mmoja wa mambo ya gesi aliyekuwa anaondoka. Lakini bati tulikuja kuezeka. Nyumba haivuji. Miaka yote hii bati zinatoka wapi? Anasema, "Ungekuwa unalipiga vizuri ningeshasahau."

Sasa ninalotaka unishauri ni hili, nijitoe bendi? Maana nimeshaamua kujitoa. Siwezi kusimama mbele ya watu nachezesha vidole juu ya sauti ya mashine. Ila wakija kuniomba radhi nitarudi, sina roho mbaya. Wasipokuja sijui. Mama watoto anasema nikijitoa nimemdhalilisha mdogo wake mbele ya ukoo, na mama mkwe anakuja kutoka Newala wiki ijayo, hataki akute tumenuniana. Au nimwambie mama mkwe? Hapana, naona hapana.

Jana usiku nilifanya kitu sijamwambia mtu. Nilikwenda gereji peke yangu, funguo ninazo, nikawasha kile kidude cha kuhesabu mapigo kwenye simu, nikajirekodi ule mwanzo. Nimeusikiliza mpaka chaji imeisha. Kuna mara nasikia niko sawa kabisa. Kuna mara nasikia kama mtu mgeni pale kiwandani, mguu wake unafika baada ya wenzake kuinua yao. Shangazi, mtu asiyejua anajuaje kuwa hajui? Babu yangu alipiga ngoma za sindimba mpaka meno yakamwisha, mimi nilidhani hiki kitu kiko kwenye damu. Hata kama kweli nachelewa, si angeniambia usoni? Yeye au dada yake, yeyote. Wiki tatu!

Mama watoto huwa anasoma majibu yako, kwa hiyo andika tu "msomaji wa kusini". Na tafadhali nijibu kabla ya Jumapili. Jioni kuna mazoezi, na spika ya besi iliyo gereji ni yangu, sasa sijui niende kuichukua au niende kuipigia.